Silinda Sita za Learco

Katika mji wetu wa Modena kuna mambo mawili ambayo mwanamke mwenye heshima zake hayafanyi siku ya Watakatifu Wote: hafui nguo, wala hafungui injini ya marehemu.

Nives Montorsi hakufua nguo.

Mama yake, Sinyora Argia, alikuwa ameondoka baada ya chakula cha mchana kwenda makaburini, mashada ya maua ya krisanthemu mikono yote miwili, amevaa koti jeusi lililoijua njia hiyo kiasi kwamba lingeweza kwenda lenyewe. Aliacha maagizo ya kijeshi. Supu ya jogoo ibaki kwenye moto mdogo, na mchele uoshwe. Meza iandaliwe kwa watu watatu: yeye, Nives, na Learco. Sahani ya Learco iwekwe pale pale karibu na dirisha, na glasi ya maji pembeni, kwa sababu usiku wa leo wafu hurudi nyumbani wakiwa na njaa na kiu. Sisi watu wa Modena hatumwamini mtabiri wa hali ya hewa, wala daktari anayekataza chumvi, lakini jambo hilo hatulibishii.

Ule mchele ulikuwa habari nyingine. Kwetu sikukuu ni tortellini, vile vifundo vidogo vya unga vyenye nyama ndani, vinavyoogelea kwenye supu. Nyumba ya Montorsi haikuwa imepika tortellini tangu Learco afariki. Majirani walilizungumzia jambo hilo kwa sauti ya chini, kama watu wanavyozungumzia ugonjwa wa akili.

Nives aliandaa meza. Aliigusa sahani ya kaka yake kwa ncha ya kidole, kama mtu anayemgusa bega aliyelala, kisha akashuka ngazi mpaka karakana iliyo chini ya nyumba, akawasha taa.

Humo ndimo baba yake, Mungu amrehemu, alimochonga silinda maisha yake yote. Alipofariki, mashine zilibaki kwa Nives, mwenye miaka ishirini na tisa, vidole virefu, na sifa mbaya ya kuwaambia wateja waziwazi ujinga walioufanyia injini zao. Kwenye kona, chini ya shuka jeupe, lilikaa gari la spoti la viti viwili, jekundu, ubavu mmoja umebonyea kwa umbo la shina la mforsadi. Ndilo gari alilofia Learco, jioni moja ya Novemba miaka saba iliyopita, kwenye barabara ya Nonantola, katika ukungu.

Injini yake haikuwa tena ndani ya gari. Ilikuwa mezani, hedi, kile kifuniko chake cha juu, imeshatolewa, silinda zake sita zinatazama dari. Sinyora Argia alikuwa amekataza mtu yeyote kuigusa, lakini Sinyora Argia husali rozari kila jioni kanisani, na kila mama alipokwenda kufungua rozari, binti alikwenda kufungua bolti. Sidhani kama Mbinguni walijua wamsikilize nani.

Alichotaka Nives ni kile alichokitaka kaka yake: kuikuza injini ile. Kutoka lita mbili iwe lita mbili nukta nne, kwa kuzitanua silinda zote na kuziingizia pistoni nene zaidi. Learco alikuwa ameshazipata pistoni hizo. Zilikuwa bado ndani ya sanduku chini ya kitanda chake, mahali alipoziacha.

Mlango wa karakana uligongwa mara moja, polepole, kama na mtu anayeomba asisikiwe.

Alikuwa Ermes Galassini. Alisimama kizingitini, ukungu umemtua mabegani. Alikuwa mrefu kuliko Nives alivyomkumbuka, au labda amekonda tu, na mvi zimeanza juu ya masikio. Lakini macho yalikuwa yale yale, rangi ya oili mpya inapomiminwa kutoka koponi. Kwetu hiyo ni sifa. Hakuna msichana wa Modena atakayekwambia macho ya mpenzi wake ni kama bahari; bahari iko mbali, na inatia kutu.

"Nimekuja kwa sababu umeniita," alisema. "Sikuja kuigusa."

"Basi usiiguse. Shika taa."

Akaishika taa.

Walikuwa wamekutana asubuhi ile makaburini, baina ya kaburi la baba yake Ermes na la Learco, kila mmoja na maua yake. Watu waliohama mji hurudi siku hiyo kuwasalimu wafu wao, na Ermes alikuwa amerudi kutoka Turin, aliko fundi wa injini za watu asiowajua. Kesho angepanda treni. Nives alimtazama kwa muda mrefu kuliko inavyoruhusiwa mahali pale, kisha akamwambia aje jioni mama akiwa bado hajarudi. Hakumwambia kwamba amemkumbuka. Alimwambia alete nguo za kazi.

Zamani Ermes alikuwa mtoto wa tatu wa nyumba ile. Yeye na Learco walikuwa pamoja tangu utotoni, na Krismasi ya mwaka aliofariki Learco alikuwa avishane pete na Nives. Julai ile ndipo yeye mwenyewe alipoichonga injini ya Learco, akaitia pistoni mpya, si zile nene za sandukuni. Na hapo ndipo alipokosea.

Kila fundi wa kwetu anajua kanuni hii kabla hajajua kunyoa ndevu: pistoni na bloku, yaani mwili wa injini wenye silinda, lazima vilale usiku mmoja chumba kimoja kabla ya kupimwa, ili viwe na joto moja. Chuma hutanuka kwa joto na hujikunyata kwa baridi, na vipimo hudanganya. (Kanuni hii Modena inaishika sana kwa pistoni, na kuikataza sana kwa wachumba.) Ermes alikuwa na haraka. Bloku ililala karakanani kwenye jua kali la Julai, na pistoni zililala chini stoo, kwenye ubaridi wa salami na divai. Akapima hivyo hivyo. Akachonga hivyo hivyo. Alikumbuka wiki mbili baadaye, Learco akiwa tayari anaiendesha injini na kuisifu, akaona aibu kusema.

Novemba ikaja. Mkulima wa Nonantola alisikia mlio mkali, kama chuma kinachokamatana, kisha kishindo, kisha kimya. Siku ya mazishi Ermes alimwendea Sinyora Argia, akamwambia kila kitu: kwamba amezibana pistoni, kwamba hapana shaka injini ilikamata katika mwendo, matairi yakasimama ghafla, gari likaacha barabara. Sinyora Argia alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia asikanyage tena ngazi za nyumba yake. Ermes akatii vizuri mno. Aliondoka bila kumuaga hata Nives.

Sasa alikuwa ameishika taa juu ya injini ile ile.

"Itanue tu, Nives," alisema. "Weka kisu, chonga. Usizitazame kuta kwanza."

"Kwa nini?"

"Kisu kikipita mara moja, ukuta wa zamani unageuka vumbi. Unalifagia, unalitupa. Hakuna atakayejua tena kilichokuwa humo."

"Wewe unajua kilichomo?"

"Najua tangu Julai ile."

Nives alikunja mikono ya shati. Aliingia chini ya meza na spana, akazifungua pistoni moja baada ya nyingine, akazisukuma juu kwa mpini wa nyundo. Zilitoka kwa shida, na kila moja ilipotoka ilitoa pumzi fupi yenye harufu ya oili ya zamani, harufu ya makoti ya Learco. Ermes aligeuza uso. Nje ukungu ulikuwa umefika kwenye kioo cha dirisha, mweupe kabisa, kana kwamba mtu ameifunika dunia kwa shuka lile la gari.

Pistoni ya mwisho ilipotoka, jambo likatokea. Kranki, ule mhimili wa chini unaozungushwa na pistoni, ambayo hakuna aliyeigusa, ilijigeuza yenyewe. Robo ya mzunguko tu, polepole, kwa sauti kama ya mtu anayejigeuza kitandani. Ikatulia.

Ermes alipiga ishara ya msalaba.

"Ni uzito wake," alisema Nives. "Haina tena kitu cha kuizuia." Lakini yeye pia alikuwa anangoja igeuke tena.

"Huwa namsikia," alisema Ermes kwa sauti ya chini. "Kila injini ninayoiwasha. Kabla haijashika moto, kuna nafasi ndogo, pumzi moja hivi. Hapo ndani nausikia mluzi wake."

"Ule wa kupitia pengo la meno."

"Ule ule."

"Mimi namsikia kwenye ngazi," alisema Nives. "Ukungu ukishuka. Anapanda mpaka kwenye kidato kinacholia, halafu hapandi tena."

Walitazamana. Ni ajabu, lakini katika miaka yote ile ya kukosana hawakuwahi kuwa karibu kama dakika hiyo, kila mmoja amemwonyesha mwenzake mzimu wake. Nives alimshika mkono uliokuwa na taa, akauongoza mpaka juu ya silinda ya kwanza.

"Sasa nitatazama," alisema. "Ukitaka funga macho wewe."

Alitazama ya kwanza. Akapitisha kidole ukutani, juu hadi chini. Akatazama ya pili. Alipofika ya nne alianza kupumua kwa mdomo. Alipomaliza ya sita alirudi kwenye ya kwanza akaanza upya, safari hii na kipimo mkononi, na Ermes, ambaye kweli alikuwa amefumba macho, alisikia tu mlio mdogo wa kipimo na maji ya supu yakichemka juu ghorofani.

"Ermes. Tazama."

"Sitaki."

"Injini ikikamata, pistoni inaukwaruza ukuta. Inaacha mistari ya juu chini, na alumini inayeyuka inaganda humo kama nta. Wewe ndiye uliyenifundisha. Tazama uniambie mistari iko wapi."

Alifumbua macho. Ndani ya silinda kulikuwa na duara moja jembamba la kutu, pale pistoni ilipokaa bila kusogea miaka saba. Juu yake na chini yake ukuta uling'aa. Aliinama kwenye ya pili, ya tatu, mpaka ya mwisho. Zilikuwa safi. Alizibana, ndiyo, lakini Learco alikuwa ameiendesha injini kwa upole majira yote ya joto, kama bibi harusi, na zile pistoni zilikuwa zimejifanyia nafasi zenyewe.

Ermes aliiweka taa chini kwa uangalifu mkubwa. Kisha akakaa sakafuni palepale penye oili, na suruali yake ya sikukuu.

"Ule mlio," alisema.

"Breki. Alikuwa anakwenda mbio, akauona mti umechelewa kutoka kwenye ukungu, akakanyaga breki. Basi."

Mtu angetegemea Nives amkumbatie. Hata mimi nilitegemea. Badala yake alichukua tambara akaanza kufuta mikono kwa nguvu, na machozi yakimtiririka.

"Miaka saba," alisema. "Nimelala juu ya injini hii miaka saba, na jibu lilikuwa humu humu. Ungekuja siku moja tu tukaifungua."

"Mama yako alisema nisikanyage..."

"Mama alisema. Mimi nilisema nini? Uliniuliza?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kwamba ungenitazama kama alivyonitazama yeye. Nikaona heri niondoke na lile jicho lako la zamani. Nimeishi nalo Turin."

Nives aliliacha tambara. Alichuchumaa mbele yake, akamshika uso kwa mikono yote miwili, ambayo haikuwa imefutika vizuri, akamwachia vidole vyeusi kwenye mashavu.

"Litazame basi," alisema. "Ni lile lile, jinga wewe."

Na hapo, wakati ambapo riwaya yenye adabu ingewaachia dakika mbili za faragha, kidato kinacholia kililia.

Wote wawili waliganda. Kililia tena. Mtu alikuwa amesimama kwenye ngazi ya ndani, na kwa muda wa pumzi moja hakuna aliyejua ni mtu wa namna gani. Kisha wakaliona koti jeusi.

Sinyora Argia alikuwa na ukungu kwenye nyusi. Aliitazama injini iliyo wazi, akamtazama binti yake aliyechuchumaa, akamtazama mwanamume mwenye alama za vidole usoni. Zamani alimwita Ermes wangu.

"Galassini," alisema.

Ermes alisimama. Alisema ataondoka sasa hivi, kwamba kosa ni lake, asimlaumu Nives. Nives akamkatiza. Alimweleza mama yake kwa maneno machache, kama anavyowaeleza wateja: injini haikukamata, kuta ni safi, Ermes hakumuua mtu.

"Uongo," alisema Sinyora Argia.

"Njoo uzitazame."

"Unamtaka huyu, kwa hiyo unaona unachotaka kuona. Mimi nimekuwa mke wa fundi miaka thelathini, binti."

"Ndiyo maana nakwambia uje."

Alishuka. Alivua glovu ya mkono wa kulia, akaingiza vidole kwenye silinda ya tatu, akavipitisha ukutani taratibu, pande zote. Uso wake haukubadilika. Aliingiza tena. Nives alifikiri mama atafurahi, au atalia, na hakuwa tayari kwa lililofuata, kwa sababu Sinyora Argia alianza kuonekana kama mtu aliyenyang'anywa fimbo anayoiegemea.

"Basi ni mimi," alisema.

Hawakumwelewa. Akawaeleza, akiwa bado na mkono ndani ya silinda.

"Alipiga simu jioni ile. Kutoka baa ya Nonantola. Akasema, mama, ukungu ni mzito, kuleni tu, mimi nitakuja ukipungua. Nikamwambia mimi simngoji mtu, tortellini zinaingia kwenye supu sasa hivi. Nikakata simu."

Mtu yeyote aliyelelewa Modena anajua uzito wa maneno yale. Mama akisema tortellini zinaingia, unaacha kazi, unaacha mazungumzo, unaacha mazishi ya jirani, unakimbia, kwa sababu zikiiva hazingoji, na asiyewahi husutwa mpaka Pasaka.

"Zilikuwa hazijaingia," alisema Sinyora Argia. "Zilikuwa bado kwenye sinia, chini ya kitambaa. Nilisema tu ili aje haraka."

Kumbe ule mchele wa miaka saba ulikuwa na maana. Ni Ermes aliyesogea. Alisimama upande wa pili wa injini, akaweka mkono wake ukingoni, karibu na mkono wa yule mama, bila kuugusa.

"Sinyora Argia," alisema, "niachie mimi kosa hilo. Mimi nimeshalizoea."

Yule mama aliinua macho.

"Miaka saba limekuwa kwangu," Ermes akaendelea. "Najua linavyobebwa, najua linapouma usiku. Wewe huliwezi. Uendelee tu kusema ni Galassini, na mimi nitakuwa nakubali."

"Na kesho upande treni nalo?"

"Ukitaka."

Sinyora Argia alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akatoa mkono kwenye silinda, akajipangusa kwenye koti la makaburini, jambo ambalo halijawahi kutokea katika historia ya koti lile.

"Nives," alisema. "Nenda kwa Zelinda hapo jirani, mwambie anipe sinia ya tortellini. Ana nyingi, kila mwaka ananiletea na kila mwaka nazikataa." Akaanza kupanda ngazi. Kwenye kidato kinacholia akasimama, bila kugeuka. "Ermes. Nawa uso. Ukija mezani hivyo Learco atacheka mpaka apaliwe."

Walikula wanne, ukihesabu kama tunavyohesabu sisi usiku huo. Sinyora Argia alisimama kando ya sufuria na sinia mkononi, akakataa kabisa kuzimimina kabla wote hawajakaa. Alimwinua Nives aliyekaa nusu, akamkalisha vizuri, akakagua viti kimoja kimoja, hadi kile cha karibu na dirisha. Ndipo alipozitia. Walizila zikitoa mvuke. Ermes alipoomba kuongezewa, yule mama alilia kidogo akiwa amempa mgongo.

Baada ya kula aliingia chumba cha Learco akarudi na sanduku. Kumbe alilijua siku zote. Pistoni sita mpya hazikuwa na vumbi hata chembe. Mtu alikuwa akizipangusa.

"Baba yenu alikuwa anazipasha kwenye oveni yangu," alisema. "Kwanza aliniomba ruhusa, halafu akaacha kuniomba. Nipashieni moja. Nataka kuona pini ikiingia." Na kabla Nives hajafungua mdomo: "Moja tu. Zote zitashuka karakanani zikalale na injini, chumba kimoja, kama inavyotakiwa. Nyinyi wawili hapana. Ermes atalala kwa Zelinda."

Pini ya pistoni ni kichuma cha mviringo, laini, kinachopita ubavuni mwa pistoni na kuiunganisha na mkono wake wa chuma. Pistoni ikiwa baridi, pini haiingii hata kwa nyundo. Ikipashwa, huingia kwa kidole gumba. Ermes aliitoa pistoni kwenye oveni kwa kitambaa kile kile kilichofunika tortellini, akaiweka mezani mahali palipobaki nafasi, mbele ya sahani ya Learco. Nives akashikilia mahali pake mkono wa pistoni, alioupandisha kutoka karakana. Vichwa vyao vilikaribiana mpaka nywele zikagusana, na Sinyora Argia akajifanya anatazama dirisha, ambako hakukuwa na kitu ila ukungu.

"Utabaki uzichonge na mimi?" Nives aliuliza, kwa sauti ya kumtosha yeye tu.

"Treni iende," alisema Ermes.

Aliweka pini kwenye tundu, na kidole gumba juu yake. Nives akaweka gumba lake juu ya la Ermes. Wakajiandaa kusukuma.

Hawakuwahi. Pini iliondoka chini ya vidole vyao, taratibu, bila kukwaruza, ikapita mpaka mwisho na kusimama sawasawa, kana kwamba mtu aliyekaa upande wa pili wa meza ameipokea.

Hakuna aliyesema ni uzito wake. Sinyora Argia alisogeza glasi ya maji karibu kidogo na ile sahani, akawaonyesha mlango, nao wakatoka watatu polepole, wakaiacha taa ikiwaka.